Neno "raha" lina maana gani hasa linapozungumzia mwili?

Mleta mada

Salaam, wanajamvi.

Mwezi uliopita nilipewa kazi ya kutafsiri kijikaratasi cha afya ya uzazi, kurasa nne tu, nikadhani ningeimaliza kabla ya adhuhuri. Nilikwama siku mbili kwenye sentensi moja. Ilisema kwamba mume na mke, wote wawili, wana haki ya kupata kitu fulani katika tendo la ndoa, na kitu chenyewe ndicho kilichonishinda kukitaja. Kile ambacho mwili hukipata unapoguswa vizuri, Kiswahili hukiita nani?

Nilianza na "starehe", kwa kuwa niliona ndilo lenye adabu kuliko yote. Mkunga mmoja mstaafu aliyeombwa kuisoma rasimu aliinua miwani yake akaniuliza, "Mwanangu, starehe hiyo wanaipata wapi, baa?" Alikuwa na hoja. Huku bara ninakofanyia kazi, neno hilo limehamia kwenye kumbi za muziki, vinywaji na fedha zinazoishia huko, na mwanamke akiambiwa kwamba mumewe anapenda starehe hafikirii chumba chake mwenyewe. Nikaweka "utamu". Vijana wawili waliokuwa wakipanga kurasa walianza kucheka na hawakunyamaza mpaka nilipolifuta. Nikajaribu "burudani", sentensi ikasomeka kama tangazo la kikundi cha taarabu. "Ladha" ilileta harufu ya supu. "Ashiki" nilikuwa nimeipenda, ila ashiki ni ule moto unaotangulia, ni kule kutaka kwenyewe, na haikitaji kile kinachopatikana baada ya kutaka. Mwishowe nikaandika "raha", na mwenye kazi akanirudishia karatasi ikiwa na maandishi ya kalamu pembeni: "Neno hili si pana mno?"

Uzi huu ni jibu langu kwa swali hilo, kwa sababu siku ile sikuwa nalo.

Nianze na jambo nililoliona kwa macho. Bibi yangu mzaa mama, huko Pangani, alikuwa akisuka ukili kutwa nzima, amekaa chini ameinyoosha miguu, na jioni mimi ndiye niliyemkanda mgongo kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto kidogo. Nilipokuwa nikikandamiza alikuwa akiguna na kunielekeza: hapo, chini kidogo, kulia, usiogope, tia nguvu. Katika muda wote huo hakutamka neno raha hata mara moja. Nilipoondoa mikono, akajiegemeza ukutani, akashusha pumzi ndefu, ndipo aliposema kwa sauti ya chini, kama mtu anayejiambia mwenyewe: "Raha." Kwa miaka mingi nilidhani kwamba alikuwa akinishukuru. Sasa naamini alikuwa akitaja hali mahususi ya mwili wake, ile hali ya mzigo uliotuliwa, na kwamba mguso wenyewe ulikuwa njia tu ya kuifikia.

Tukiliangalia neno kwa upande huo, matumizi yake mengi yanayoonekana kutawanyika yanarudi nyumbani. Mtoto akiamka amenywea, hataki uji, hataki kubebwa, mama yake husema "mtoto huyu leo hana raha", na hakuna anayeelewa kwamba mtoto amekosa burudani. Kuna kitu kinamsumbua, pengine homa inamnyemelea. Mtu anayedaiwa hana raha, anayesubiri majibu ya hospitali hana raha, na mwenye jino bovu hana raha hata akiwekewa pilau mbele yake. Katika ukanushi, basi, neno limehifadhi maana yake ya zamani bila kuchakaa: asiye na raha ni yule anayelemewa.

Wakatoliki wanaijua maana hiyo vizuri kuliko wanavyodhani. Wanapowaombea marehemu husema "Raha ya milele umpe, ee Bwana", na sala hiyo ni ile ile ya Kilatini ambayo neno lake la kwanza lina maana ya pumziko. Hakuna anayesimama kaburini akidhani kwamba marehemu anaombewa ngoma na vinywaji. Wafasiri wa Biblia nao walilitumia kwa namna hiyo hiyo. Katika Mathayo 11:29, baada ya kuzungumziwa mizigo na nira, ahadi ni kupata "raha nafsini mwenu", na katika Waebrania 4:9 imetajwa "raha ya sabato". Ni neno lile lile ambalo kijana wa leo huliandika chini ya picha akiwa ufukweni na dafu mkononi.

Sasa nirudi chumbani, maana huko ndiko kijikaratasi kilikotupeleka. Kwa nini vijana walicheka niliposema utamu? Nadhani ni kwa sababu ya mahali ambapo neno linakaa. Utamu hukaa kwenye kitu, na raha hukaa kwa mtu. Chungwa lina utamu, mlaji ana raha. Sauti ni tamu, msikilizaji ndiye anayeona raha. Ukisema kwamba mtu fulani ana utamu, umekwisha kumgeuza tunda, na ndiyo maana lugha ya utamu huandamana na jamaa zake wote wa jikoni: kuonja, kula, mbichi, mbivu. Sina ugomvi na lugha hiyo wawili wanapoizungumza kwa ridhaa yao, na mashairi yetu ya mapenzi yangekuwa makavu bila asali na tende. Lakini katika sentensi inayozungumzia haki, utamu unaleta swali baya: nani mlaji na nani mliwa? Raha haina swali hilo. Mke ana raha yake na mume ana yake, na hakuna aliye chakula cha mwenzake.

Jambo la mwisho ni la sarufi, nalo ndilo linalonivutia zaidi. Raha haina kitenzi. Furaha ina kufurahi, burudani ina kuburudika, starehe yenyewe ni jina na ni kitenzi, lakini husikii mtu akisema kwamba "ameraha" au "ameraheshwa". Ni lazima uione, uisikie, uipate, uile, uiponde, au upewe. Kwa hiyo huwezi kumfanyia mtu raha moja kwa moja kama unavyoweza kumburudisha au kumtekenya. Unaweza kumpa tu, naye aione au asiione. Naomba mniambie kama nimekosea.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, uzi wako umenifikirisha, ila naona umejenga ukuta ambao watu hawaufuati. Unasema raha hukaa kwa mtu. Mbona tunasema "godoro hili lina raha", na madereva husema kwamba gari fulani lina raha barabarani? Halafu kuna ule msemo wa kila siku viwanjani, "raha ya mechi bao". Hapo raha ni ya mechi, na mechi si mtu. Vilevile raha ya chai iwe ya moto, raha ya muwa uumenye kwa meno mwenyewe, raha ya embe ulile umesimama na maji yakutiririke mpaka kwenye viwiko. Katika mifano yote hiyo, "raha ya" kitu ni kile kinachokikamilisha, ambacho kikikosekana kitu chenyewe hakina maana. Kwa mantiki yako tungesema "utamu wa mechi bao", na wapo wanaosema hivyo pia.

Mchangiaji wa pili

Naandika kutoka Mombasa, na nitajikita kwenye asili ya neno, kwa sababu mleta mada amelikaribia jambo kubwa kisha akalipita.

Neno raha ni la Kiarabu, na huko lina maana ya pumziko na wepesi wa mwili. Kwa Kiarabu hicho hicho, neno hilo hilo ni jina la kiganja cha mkono. Sitaki kudai kwamba bibi yako wa Pangani alikuwa akilijua hilo, lakini kisa chake kimenifanya nitabasamu.

Lililo muhimu zaidi ni ukoo wake. Starehe imetokana na mzizi ule ule. Ni kitenzi cha raha kilichokuja kwa mlango mwingine, kikiwa na maana ya kutafuta au kupata pumziko. Hivyo unaposema raha haina kitenzi unasema kweli kwa Kiswahili cha leo, ila kitenzi chake kilikuwapo, kikajitenga na kuanza maisha yake. Tunapomwambia mtu anaishi "raha mustarehe" tunamtaja baba na mwana pamoja. Sala ya tarawehe tunayoisali usiku wa Ramadhani nayo ni ya ukoo huo, kwa sababu jina lake linatokana na mapumziko ambayo waumini huyapata katikati ya rakaa. Roho ni ndugu yao pia, na hata mrehani, ambao akina mama hapa pwani huuchanganya na asumini katika vikuba, yaani vishada vidogo vya maua ya kunukia, jina lake limetoka kwenye shina hilo hilo la pumzi na harufu njema. Kwa hiyo mwenye kuvaa kikuba, mwenye kusali tarawehe na mwenye kulala raha mustarehe wote wanakunywa kisima kimoja.

Nitahadharishe juu ya maneno mawili ambayo watu huyaingiza humo kwa kudanganywa na sauti. Furaha haikuundwa kutokana na raha, ina mzizi wake wenyewe wa kuchangamka, na hiyo silabi ya mbele ni sehemu ya mzizi. Rahisi pia si ndugu wa raha, ni ndugu wa ruhusa. Ni Kiswahili kilichozifuta tofauti za sauti ya "h" na kutufanya tuwaone wote kuwa watoto wa nyumba moja. Karaha nayo, ambayo washairi hupenda kuifunga kina kimoja na raha, ni ya ukoo wa makuruhu. Vina vimewakutanisha, damu haikuwakutanisha.

Kisha angalieni ajabu hii. Kwa Kiarabu neno la kawaida la kuburudika kwa mwili ni lile tulilolichukua sisi likawa "ladha". Tulipolileta kwetu tukalifungia mdomoni, likawa la chumvi na viungo, na kazi yake ya zamani tukampa raha, ambaye kwao alikuwa mtu wa kupumzika tu. Shahawa nayo huko kwao ni matamanio, na sisi tumeifanya iwe manii.

Mchangiaji wa tatu

Mnazunguka mno. Neno la mwili lipo, ni nyege. Acheni kuogopa.

Mleta mada

Nawashukuru nyote, na naanza na wa mwisho kwa sababu jibu lake ni fupi. Nyege limo kwenye kamusi na sina haya nalo, lakini ni neno la hamu, liko upande mmoja na ashiki. Mwenye nyege hajapata kitu bado. Zaidi ya hayo, kwa masikio ya wengi limekaa karibu sana na matusi, na kijikaratasi kitakachosomwa na mama mkwe kikiwa mezani hakiwezi kulibeba.

Kwa ndugu wa godoro na gari, nakubali kwamba nilisema kwa ukali kuliko inavyostahili. Watu husema "lina raha", nami nimejisikia nikisema hivyo juu ya kiti cha basi. Hata hivyo angalia vitu vinavyosemwa hivyo: godoro, kiti, gari, nyumba yenye upepo. Vyote ni vitu vinavyoubeba mwili na kuupunguzia adha. Sijasikia mtu akisema kwamba chungwa lina raha au kwamba halua ina raha, ingawa vyote viwili ni vitamu. Ama "raha ya mechi bao", mfano huo nadhani unanisaidia mimi. Dakika themanini bila bao ni mateso, shabiki amekunja ngumi, jirani yake anatafuna kofia. Bao ndilo linalomtua mzigo. Nakiri kwamba hapa huenda najitetea kupita kiasi.

Kwa ndugu wa Mombasa sina la kuongeza ila kwamba sikuijua habari ya tarawehe, na kwamba imenieleza kwa nini neno starehe lilinishinda. Wazee wa pwani mgeni anapotaka kusimama kuwapisha humwambia "starehe, starehe", yaani keti, usijisumbue. Hiyo ndiyo starehe ya asili. Yule mkunga aliyeniuliza kuhusu baa hakuwa na kumbukumbu ya starehe hiyo hata chembe, naye Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu. Neno limehama, na mwandishi hawezi kulilazimisha lirudi kwa sababu tu anaijua njia liliyojia.

Mchangiaji wa nne

Mimi ni mwanamke wa Unguja na nimewahi kuwa somo wa maharusi kadhaa, kwa hiyo nitasema kwa upande wa matumizi, si wa vitabu. Mengi ya ndani sitayaandika hapa kwa sababu si mahali pake.

Sisi tunapomfunda mwari hatumwambii habari za haki, tunamwambia habari za kujijua. Swali tunalomfundisha kujiuliza ni "naona raha au naona tabu?", na akiona tabu aseme. Mnaona kwamba kinyume cha raha katika swali hilo ni tabu, ambayo ni mzigo. Kwa hiyo mleta mada na bibi yake wako sawa. Lakini msidharau tofauti ya kuona na kusikia. Mtu husikia utamu kwa kitambo, mahali fulani pa mwili, kama anavyosikia harufu au mwasho. Raha huiona kwa mwili mzima, na hukaa. Mume anaweza kumfanya mke asikie utamu na bado mke akaondoka hana raha, kwa maneno aliyoambiwa au kwa kugeuziwa mgongo. Hili tunalisema kwa mwari na kwa bwana harusi vilevile.

Neno ambalo mimi silipendi ni hilo la "kufika kileleni", ambalo washauri wa afya magazetini na redioni hulitumia kila mara. Naelewa kwamba walihitaji neno la staha. Lakini kilele ni cha mlima, na anayepanda mlima huhesabiwa amefika au hajafika. Nimekutana na wanawake waliokuwa na raha zao majumbani mwao kwa miaka mingi, wakaja kujiona wana kasoro baada ya kusikia habari ya kilele. Si kila mmoja anapanda mlima. Wengine wanaogelea.

Nyumbani kwetu upo mtaa wa Raha Leo, Ng'ambo, ambao wengi mmeusikia kwa habari ya redio wakati wa Mapinduzi ya Januari 1964. Nilipokuwa mdogo nilidhani jina hilo lina maana kwamba kesho hakuna raha, nikawa naogopa kulala huko kwa shangazi.

Mchangiaji wa tano

Kutoka Nairobi, kwa ufupi. Sisi husema "kuponda raha", na magazeti yetu hupenda "kujivinjari", ambalo limetokana na kuvinjari kwa chombo kinachozunguka baharini. Yote mawili ni ya kutoka nje na kutumia pesa, hakuna hata moja ambalo ningemwambia mke wangu chumbani. Lakini tuna Starehe, ambayo ni jimbo la bunge, na ni shule iliyoanzishwa mwaka 1959 kuwapokea wavulana waliokuwa wakilala mitaani. Nadhani waliochagua jina hilo walikusudia pumziko, kama yule mzee anayesema "starehe, starehe". Kwa hiyo starehe ya zamani haijafa kabisa, imeandikwa langoni.

Mleta mada

Dada wa Unguja amenirekebisha mahali ambapo sikujua kwamba nimekosea. Katika rasimu nilikuwa nimeandika "kusikia raha", kwa sababu huku bara ndivyo tunavyosema, na wengine siku hizi wanasema "kujisikia raha". Nimelibadilisha liwe "kuona raha". Pia nimeliondoa neno kilele lililokuwa ukurasa wa tatu, na mahali pake nimeeleza kwa sentensi nzima kile kinachotokea mwilini, ambacho kilihitaji maneno kumi na manane badala ya mawili.

Sentensi iliyonikwamisha sasa inasomeka hivi: "Mume na mke wote wawili wana haki ya kuona raha katika tendo la ndoa, na mmoja wao akiona tabu ana haki ya kusema na kusikilizwa." Nusu ya pili haikuwamo katika maandishi niliyopewa. Niliiongeza kwa sababu, kwa maelezo ya dada yetu, raha isiyotajwa pamoja na tabu huelea. Mwenye kazi ameniuliza kwa nini tafsiri imekuwa ndefu kuliko asili, nikamtumia kiungo cha uzi huu.

Yule mkunga mstaafu nilimpelekea nakala mwenyewe. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akafika kwenye sentensi ile, akairudia kwa midomo bila sauti. Kisha akaniuliza kama kuna nakala nyingine mbili, ya binti yake na ya mkwewe.